Ati Hakuwa na Kazi!

Siku zilizopita tulikuwapo katika baraza moja la wazee wa kanisa, ambalo jina lake na mahali pake hatutapataja. Shauri lilikuwa la mjane. Mumewe alikuwa amefariki, naye aliacha nyumba ya mabati, ng'ombe wawili, na shamba la migomba na kahawa lililolimwa na watu wawili kwa muda wa miaka 20 na zaidi. Ndugu za marehemu walikuja na neno moja tu: Huyu mama alifanya kazi gani hata adai fungu katika mali ya ndugu yetu?

Ndipo aliposimama mzee mmoja, mtu msomi mwenye kusikilizwa, akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa nakala ya ukurasa mmoja wa kitabu cha hesabu ya watu cha Uskoti, cha mwaka 1841, ambayo alitumiwa na rafiki yake aliye ng'ambo. Ukurasa huo ni wa kijiji cha wachimba makaa ya mawe, upande wa mashariki wa nchi ile. Akatusomea: mume, mchimba makaa, mke, mahali pa kazi hapana neno, watoto wanne, hapana neno. Kisha akakunja karatasi, akasema, "Mwaona? Hata Waskoti, taifa lililomzaa Livingstone, walijua jambo hili. Mume ndiye mwenye kazi, na mwenye kazi ndiye mwenye mali. Mke hakuwa na kazi."

Watu wakaguna kwa kukubali. Nasi tulinyamaza siku ile, kwa kuwa si adabu kubishana na mzee mbele ya wageni. Lakini uongo uliovaa nguo ya elimu ni mbaya kuliko uongo ulio uchi, maana watu huuamkia kwa heshima. Hivyo tumeona yatupasa kujibu hapa, ambapo kila mtu aweza kusoma polepole na kutupinga akitaka.

Kwanza tukijue kitabu chenyewe. Katika nchi ile watu huhesabiwa kila baada ya miaka 10. Hesabu ya mwaka 1841 ilikuwa ya kwanza kuandika majina ya watu wote, nyumba kwa nyumba, nayo ilishika wale waliolala katika kila nyumba usiku wa Jumapili, tarehe 6 Juni. Kila mkuu wa nyumba aliletewa karatasi aijaze. Asiyejua kuandika alisema kwa kinywa, na mwenye kuhesabu akamwandikia. Kisha maneno ya karatasi zile yalinakiliwa katika vitabu, na vitabu ndivyo vilivyobaki. Huko Uskoti kulikuwa bado hakuna ofisi ya serikali ya kuandikisha vizazi na vifo, maana iliwekwa mwaka 1855. Kwa hiyo walimu wa shule za parokia walishirikishwa sana katika kazi hii. Sisi walimu twaweza kumwona mwenzetu akipita njiani na daftari kwapani, mchovu, ana nyumba nyingi za kumaliza, wala hana nafasi ya kumwuliza kila mama habari za mikono yake.

Sasa, mzee wetu alisoma "mke". Twamwomba atoe karatasi yake tena, alitafute neno hilo. Hataliona! Hesabu ya mwaka 1841 haikuandika mtu ni nani kwa mkuu wa nyumba. Jambo hilo lilianza kuandikwa mwaka 1851. Mwanamke aliyefuata chini ya jina la mchimba makaa aweza kuwa mkewe, aweza kuwa dada yake, aweza kuwa mjane wa nduguye. Labda ni mkewe kweli, hatukatai. Lakini neno hilo lilitoka kichwani mwa msomaji. Tena umri wake ulioandikwa si umri wake hasa, kwa maana watu wa miaka zaidi ya 15 walipunguziwa hata kufika hesabu ya tano iliyo chini. Mwenye miaka 39 aliandikwa 35. Basi kitabu kisichoweza kutuambia kama mwanamke huyu ni mke, wala ana miaka mingapi, ndicho kilicholetwa barazani kiwe shahidi juu ya mjane wa kwetu.

Lakini hayo ni madogo. Neno kubwa ni ile nafasi tupu.

Nafasi ile haikuachwa tupu kwa sababu mwanamke alikuwa ameketi. Iliachwa tupu kwa amri. Wenye kuhesabu walipewa maagizo yaliyopigwa chapa, na moja la maagizo hayo lilikuwa hili: kazi ya wake, na ya wana na binti wanaokaa na wazazi wao na kuwasaidia pasipo mshahara, haina haja kuandikwa. Someni tena, ndugu. Agizo halisemi kwamba hawana kazi. Lasema wanayo, wanasaidia, lakini isiandikwe. Mwalimu akiambiwa asiandike katika daftari majina ya watoto wasiolipa ada, kisha mkaguzi akaja akasema, "Watoto hawa hawakuja shuleni," mtamwitaje mkaguzi huyo?

Na kazi yenyewe ilikuwa nini? Hapo twashukuru kwamba miaka ile ile serikali ya Uingereza ilituma watu wengine, wenye daftari la namna nyingine. Tume iliwekwa kuchungua hali ya watoto wafanyao kazi mashimoni, na ripoti yake ilitolewa mwaka 1842. Upande wa mashariki wa Uskoti alitumwa bwana mmoja aitwaye Robert Franks. Huyu aliwauliza wanawake na wasichana wenyewe, akaandika waliyosema.

Katika mashimo mengi ya upande ule, mume alilala ubavu akigongagonga mwamba wa makaa kwa sululu. Makaa yaliyoanguka yalichukuliwa na mkewe na binti zake. Walitiwa mgongoni kikapu kikubwa, kikashikwa kwa mkanda uliopita juu ya paji la uso, kama mama wa Kikuyu abebavyo kuni, wakainama, wakatembea gizani katika maji, kisha wakapanda ngazi mpaka juu penye jua. Mzigo ulikuwa ratili 100 na zaidi. Wakatua, wakarudi chini, wakabeba tena. Msichana mmoja wa miaka 11 alimweleza Bwana Franks kwamba huingia shimoni pamoja na wanawake saa kumi na moja alfajiri na kutoka saa kumi na moja jioni, na siku ya Ijumaa hufanya kazi usiku kucha hata mchana wa pili. Wanawake wenye mimba walibeba. Wengine waliharibu mimba kwa ajili ya mizigo ile, nao walisema hivyo wenyewe.

Hao ndio wale wa kijiji cha wachimba makaa wa mashariki, mwaka 1841. Hao ndio "hapana neno."

Tena liko jambo ambalo likifahamika vema latosha kuivunja hoja yote ya mzee wetu. Mchimba makaa asiyekuwa na mke wala binti hakuweza kuyapandisha makaa yake peke yake. Ilimpasa kumwajiri mwanamke mwingine ambebee, akamlipa fedha. Mwanamke yule wa kuajiriwa alikuwa na mshahara, kwa hiyo alikuwa na kazi ya kuandikwa. Siku mchimba makaa alipomwoa, mshahara ulikoma. Kikapu kilekile, mkanda uleule, ngazi zilezile; lakini sasa agizo lasema si lazima kuandikwa. Je, ndoa iliuondoa mzigo mgongoni? Iliuondoa katika daftari tu.

(Tutie neno hili njiani. Hata mwanamume wa nyumba ile asidhaniwe kuwa bwana mkubwa. Wachimba makaa wa Uskoti walikuwa wamefungwa kwa sheria katika mashimo ya matajiri wao. Shimo likiuzwa, watu waliuzwa pamoja nalo, na aliyetoroka alirudishwa. Sheria ya mwaka 1775 ilianza kuwafungua, na ile ya mwaka 1799 ilimaliza. Mzee wa miaka 60 aliyehesabiwa mwaka 1841 aliweza kukumbuka ujana wake katika kifungo hicho. Wako kwetu wadhanio kwamba Wazungu wote walizaliwa na viatu.)

Twajua tutakavyojibiwa. Itasemwa, "Vema, lakini mwaka 1842 ilitoka sheria ya kuwakataza wanawake wote wasifanye kazi chini ya ardhi, pamoja na wavulana wasiotimiza miaka 10. Tangu hapo mke alikaa nyumbani, na nafasi tupu ikawa kweli." Ni kweli sheria ilitoka, nayo ilikuwa sheria ya huruma, ingawa wanawake wengine walilia kwa kupoteza chakula chao. Basi na tuingie katika nyumba yenyewe, tuone jinsi mke alivyokaa.

Tutafanya mfano wa nyumba moja ya mchimba makaa usiku wa Jumapili, tarehe 7 Aprili 1861. Si nyumba ya mtu fulani. Ni mfano wa namna zilizokuwa nyingi. Mume, miaka 38. Mke, miaka 36. Mwana, miaka 14, mchimba makaa kama baba yake. Binti, miaka 11, na mdogo wake wa miaka 8, wanafunzi. Mtoto wa miaka 2. Na wapangaji wawili, vijana kutoka Ireland, wafanyao kazi shimoni. Jumla yao watu 8. Mwaka ule wenye kuhesabu wa Uskoti walikuwa na swali jipya: nyumba hii ina vyumba vingapi vyenye dirisha? Jibu la nyumba yetu ni kimoja. Wala hilo si ajabu. Karibu theluthi moja ya nyumba zote za Uskoti mwaka ule zilikuwa za chumba kimoja tu, na za chumba kimoja na za viwili kwa pamoja zilikuwa kama saba katika kila kumi. Maelfu ya nyumba hazikuwa na dirisha hata moja. Livingstone mwenyewe, aliyetajwa barazani, alizaliwa mwaka 1813 katika chumba kimoja huko Blantyre, kwenye nyumba za kiwanda cha pamba, na mama yake alizaa watoto saba, akazika wawili wangali wachanga.

Katika chumba hiki kimoja watu watatu hutoka shimoni weusi kama masizi, na wa nne ni mvulana. Mabafu ya kuogea penye mashimo hayakuwako. Yalikuja katika karne ya 20. Kwa hiyo maji ya kuwaosha watu wanne huchotwa kisimani au penye mfereji wa watu wote, huletwa kwa ndoo, huchemshwa motoni, humwagwa katika pipa mbele ya moto, kisha hutolewa nje kwa ndoo zile zile. Nguo za shimoni huja zimelowa. Hukung'utwa, hufuliwa, hukaushwa usiku karibu na moto, ili zivaliwe alfajiri. Na kama wanaume hawaendi shimoni kwa saa moja, mmoja huamka wakati mwingine alalapo, na kila mmoja ataka chakula chake kiwe moto. Wale wapangaji wawili hulipa kodi kila juma. Je, kodi ile yalipwa kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya kitanda kilichotandikwa, chakula kilichopikwa, na shati lililofuliwa. Mume hatandiki, wala hapiki, wala hafui. Fedha hiyo ililetwa nyumbani na mke, nayo pengine ndiyo iliyowavusha siku shimo lilipofungwa au mume alipovunjika mguu. Karani aliandika wapangaji ni akina nani na kazi yao ni nini. Mbele ya jina la yule aliyewalisha, mara nyingi katika vitabu vya Uskoti utakuta maneno haya: mke wa mchimba makaa. Kazi yake ni kuwa wa mtu!

Wala si daftari peke yake lililosema hivyo; sheria ilisema vilevile. Kwa sheria ya kale ya Uskoti, fedha na vitu vya mke viliingia katika mali ya mume siku ya ndoa, hata na mshahara wake. Ilikuwa mwaka 1877 sheria ilipomwekea mke aliyeolewa ujira wa mikono yake uwe wake mwenyewe, na mwaka 1881 ile haki ya mume ya kutwaa vitu vya mke ikafutwa kwa ndoa zilizofuata. Maana yake, wakati mzee wetu anapowaleta Waskoti wa mwaka 1841 wawe kielelezo cha mali ya ndoa, analeta desturi ambayo Waskoti wenyewe waliiona mbaya, wakaitupa. Ni kama mtu aokotaye jembe lililovunjika jaani kwa jirani, akaja kwetu akisema, "Tazameni, hivi ndivyo jirani alimavyo."

Twende Dundee sasa. Mji huo ulikuwa na viwanda vikubwa vya kufuma magunia kwa nyuzi zilizotoka Bengali, na wafanyakazi wao wengi walikuwa wanawake, walioolewa na wasioolewa. Huko wenye kuhesabu waliandika kazi za wanawake bila shida, maana walikuwa na mshahara na saa ya kengele. Waume wengine walikaa nyumbani bila ajira, na watu wa mji waliwataniana kwa jina la wachemsha birika. Mama yake Mary Slessor, yule mmisionari wa Calabar anayejulikana kwa kuokoa watoto mapacha, alikuwa mfumaji katika mji huo. Mumewe alikuwa fundi viatu, lakini ulevi ulimshinda, na mama ndiye aliyeishikilia nyumba. Mary naye akaingia kiwandani akiwa na miaka 11, nusu ya siku kazini na nusu shuleni. Basi twauliza: je, wanawake wa Dundee walikuwa na bidii, na wanawake wa vijiji vya makaa walikuwa wavivu? Hapana mtu atakayethubutu kusema hivyo. Tofauti yao ni mshahara. Daftari halikuuliza nani anafanya kazi. Liliuliza nani analipwa.

Huko Uingereza, jirani yao wa kusini, mambo yalizidi kuwa ya ajabu. Katika ripoti ya hesabu ya mwaka 1851 wakuu waliwapa wake na mama daraja yao wenyewe, wakikiri kwamba kazi yao ni kazi kubwa ya taifa. Ilipofika ripoti ya mwaka 1881 waliwahamisha, wakawatia katika daraja la watu wasio na kazi. Mamilioni ya wanawake walipoteza kazi zao, wala hakuna hata mmoja aliyepumzika kesho yake.

Sisi Wakristo tulipaswa kuwa wepesi kuliwaza jambo hili, kwa kuwa tumelisoma tangu utoto. Mathayo aeleza jinsi Bwana wetu alivyowalisha makutano kwa mikate mitano na samaki wawili, naye atuambia wanaume waliokula walikuwa kama elfu tano, na wanawake na watoto hawakutiwa katika hesabu. Je, kuna mhubiri aliyesimama mimbarani akafundisha kwamba wanawake wale hawakula? Twafahamu mara moja kwamba walikuwapo nyasini, na mikate iliwafikia. Mbona tukitoka kanisani tukaingia barazani twasahau?

Hatusemi kitabu cha hesabu ni kitu cha kudharauliwa. Pasipo kitabu kile tusingejua kwamba nyumba ile ilikuwa na dirisha moja, wala kwamba vijana wawili wa Ireland walilala humo. Wajukuu wa wajukuu wao leo hufurahi sana waonapo majina ya wazee wao, kwa maana vitabu hivyo hufungwa miaka 100, kisha hufunguliwa kwa watu wote. Lakini kitabu hujibu swali lililoulizwa, kwa kinywa cha yule aliyeulizwa. Katika nyumba nyingi za Uskoti aliyeulizwa alikuwa mume. Nasi twawajua waume, maana ni sisi wenyewe.

Tena shauri la mjane wetu halihitaji kuvuka bahari kutafuta mwamuzi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ilitungwa mwaka 1971, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliulizwa swali lenyewe hili katika kesi ya talaka: mke ambaye hakuwa na mshahara, kazi zake za nyumbani ni mchango katika mali iliyochumwa na wote wawili, au si mchango? Majaji walijibu kwamba ni mchango. Kesi ile ilikuwa ya talaka, wala si ya urithi, nasi hatutaki kumdanganya mtu. Lakini swali la ndugu za marehemu, "alifanya kazi gani," limekwisha kujibiwa na watu wenye mamlaka kuliko baraza letu. Na mjane huyu hata si mama wa nyumbani tu. Aliichuma kahawa ile. Aliianika. Aliibeba kichwani mpaka mizani ya chama, ambapo iliandikwa kwa jina la mume.

Baraza litaketi tena baada ya mavuno. Mzee wetu tumempelekea kwa heshima nakala ya kurasa mbili za ripoti ya mwaka 1842, zenye maneno ya wanawake wa mashimo, nasi tumezifasiri kwa Kiswahili pembeni. Tumemwomba azitie katika mfuko uleule pamoja na karatasi yake, na siku hiyo atusomee zote mbili.